Tupime Kila Seli: Maoni Kuhusu Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya meza moja iliyoungua.

Mmoja wa wanachuo wetu alikuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule ya sekondari, na miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa kusimamia chama cha sayansi. Chama hicho kilikuwa na ndege ya mfano inayoruka kwa nguvu ya betri ya lithiamu polima yenye seli tatu. Betri ilikuwa imekaa wiki nyingi bila kutumika, na ilipounganishwa na chaja, chaja ilikataa kuanza kazi, kwani seli moja ilikuwa imeshuka mno. Mwanachuo wetu hakubabaika. Aliiweka chaja katika hali iliyokusudiwa betri za aina nyingine, ambayo haina uangalizi mkali, akaisukumia betri umeme mpaka ile seli dhaifu ikapanda, kisha akairudisha chaja katika hali yake ya kawaida. Safari hii chaja ilikubali. Haikutimia saa moja, betri ikawa imevimba, ikatoa moshi, na hatimaye ikawaka. Kwa bahati njema ilikuwa saa ya chakula cha mchana na wanafunzi wote walikuwa nje. Meza iliungua pamoja na madaftari ya kidato kizima. Hakuna aliyeumia.

Tulipomwuliza amejifunza wapi jambo lile, alitujibu kwa adabu: "Kwenu, Mwalimu. Muhula uliopita mlifanya hivyo mbele yetu, na betri ikapona."

Hatukuwa na la kumjibu. Ni kweli tulifanya hivyo. Tulikuwa na haraka, kipindi kilikuwa kinakwisha, na tulitaka wanachuo waione ndege ikiruka. Tuliwaonyesha tiba bila kuwaonyesha uchunguzi, na wao, kama wanafunzi wema, waliichukua tiba wakaenda nayo. Tangu siku ile tumeshikilia rai moja ambayo tungependa kuitetea hapa: kwamba mwalimu anayefundisha kutengeneza bila kwanza kufundisha kutafuta chanzo cha hitilafu amefundisha nusu ya somo, na nusu hiyo ni ile ya hatari.

1. Betri hii ni kitu gani

Yafaa kwanza tueleze tunachokizungumzia, maana si kila msomaji amewahi kuishika betri ya namna hii. Betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu waliochangia kuzibuni, yaani John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Lithiamu polima ni tawi la jamii hiyo. Seli zake ni bapa, zimefungwa katika mfuko laini badala ya kopo la chuma, na zina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa wa umeme ilhali uzito wake ni mdogo. Ndiyo sababu wapenzi wa ndege za mfano wamezipenda. Jamii hii ya betri imekwisha kuingia katika maisha yetu. Imo katika simu zetu na katika pikipiki za umeme. Mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilianza kupigwa picha za ramani kwa ndege zisizo na rubani, na mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za namna hiyo. Mwanafunzi tunayemfundisha leo hawezi kuishi mbali na betri hizi hata akitaka.

Seli moja ya lithiamu polima ya kawaida, ikijaa, huwa na volti 4.20. Wastani wake wakati wa kazi huhesabiwa kuwa volti 3.7, na haifai iachwe ishuke chini ya volti 3.0. Seli tatu zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 12.6 zikijaa. Betri yenyewe huwa na nyaya mbili nene za kutolea umeme, na pembeni huwa na plagi ndogo yenye nyaya nyembamba nne. Nyaya hizo nne ndizo zinazoiwezesha chaja kuiona kila seli peke yake na kuzisawazisha. Seli iliyotangulia wenzake hupunguzwa chaji kidogo kidogo, ili zote zifike kileleni pamoja.

Mipaka tuliyoitaja haikuwekwa kwa kubahatisha. Seli ikishushwa mno, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na inapochajiwa tena shaba hiyo huweza kuganda mahali pasipo pake na kuunganisha kwa ndani pande mbili zilizopaswa kutengana. Hilo ndilo tunaloamini lililotokea juu ya meza yetu. Seli ikipandishwa mno nayo hujenga lithiamu halisi juu ya ukuta wake, hupata joto, na joto hilo huweza kuzaa joto zaidi mpaka moto utokee. Kwa hiyo seli zisizolingana ni jambo la usalama, kwani ile iliyo nyuma hushushwa kupita kiasi na wenzake, na ile iliyo mbele hupandishwa kupita kiasi.

2. Wastani huficha

Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza, nalo ni somo la hesabu kabla ya kuwa somo la umeme. Mwulize mwanafunzi: betri ya seli tatu imepimwa kwenye nyaya zake nene, nayo ina volti 9.9. Je, ni salama? Atagawanya kwa tatu, atapata volti 3.3, na atasema ni salama. Sasa mwambie azipime seli moja moja. Akikuta 3.3, 3.3 na 3.3, jibu lake lilikuwa sahihi. Lakini akikuta 3.6, 3.6 na 2.7, jumla ni ile ile 9.9, wastani ni ule ule 3.3, na seli moja iko hatarini.

Hesabu hii yamhusu mwalimu zaidi ya betri yake. Sote tumewahi kuandika katika ripoti kwamba darasa lilipata wastani wa alama hamsini, tukafunga daftari tukiwa na amani, na hali kuna mtoto mmoja kwenye dawati la nyuma aliyepata kumi. Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua. Na wastani ni mfichaji hodari wa maradhi. Mwanafunzi akiliona jambo hili kwa macho yake katika betri, hatalisahau, wala sisi walimu hatupaswi kulisahau.

3. Kosa la kufundisha kwa dawa

Katika karakana nyingi tulizozitembelea, na katika ya kwetu pia, hitilafu hufundishwa kwa namna ya orodha ya dawa. Seli moja iko chini? Isawazishe. Haisawaziki? Irudie. Chaja imekataa? Ihadae. Mwanafunzi hukariri orodha hii kama anavyokariri miji mikuu, na katika mtihani hupata alama zake. Lakini orodha ya dawa ina kasoro kubwa: haimwulizi mgonjwa anaumwa nini.

Kutolingana kwa seli ni dalili tu, na dalili moja hii huweza kuletwa na sababu nyingi. Huenda betri imechajiwa mara nyingi bila ile plagi ndogo kuunganishwa, kwa hiyo seli zimeachana taratibu. Hapo tiba ni kusawazisha tu. Huenda kifaa kidogo cha kupimia volti kilisahauliwa kwenye plagi, kikainyonya seli moja kuliko nyingine. Huenda seli moja inavuja umeme kwa ndani hata ikiwa imelala. Huenda ukinzani wake wa ndani umekua kwa uzee au kwa joto, hasa seli ya katikati ambayo haina pa kutolea joto lake. Huenda ujazo wake wa chaji umepungua. Na huenda seli zote ni nzima, ila kipimo ndicho kinachodanganya. Kwa sababu mbili za kwanza, kusawazisha ni tiba. Kwa tatu zinazofuata, kusawazisha ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Kwa ile ya mwisho, kusawazisha ni kuleta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo, kama tutakavyoonyesha.

4. Maswali manne

Baada ya ajali ile tulikaa tukatengeneza utaratibu wa maswali manne. Mwanachuo hana ruhusa ya kugusa kitufe cha chaja mpaka ameyajibu kwa maandishi.

Swali la kwanza: Je, kipimo ni cha kweli? Anapima kwa chaja, kisha anapima kwa mita ya volti kwenye pini za plagi ndogo, akiangalia sana ncha mbili za mita zisigusane. Halafu anajumlisha seli zote na kulinganisha jumla hiyo na kipimo cha nyaya nene.

Swali la pili: Tofauti inaonekana lini? Hili ndilo swali lenye maarifa mengi zaidi. Seli zinazolingana zikijaa na kuachana zikikaribia kuisha, huonyesha kwamba moja ina ujazo mdogo. Seli zinazolingana zikipumzika na kuachana zikifanya kazi, huonyesha tofauti ya ukinzani. Seli zinazoachana zikiwa zimelala tu kabatini, huonyesha kwamba moja inavuja. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Yatakiwa kupima betri ikiwa imejaa, ikiwa katikati, ikikaribia mwisho, ikifanya kazi, na ikiwa imepumzika.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Volti za seli hizi hazishuki kwa mwendo mmoja. Karibu na volti 3.80 huteremka polepole sana, kama barabara ya tambarare. Chini ya volti 3.50 huporomoka kama maji ya bonde. Kwa hiyo tofauti ya volti 0.05 pale kwenye tambarare yaweza kumaanisha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya chaji yote, ilhali tofauti ya volti 0.10 kule mwishoni yaweza kumaanisha chaji kidogo tu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba tofauti kubwa ni mbaya na ndogo ni nzuri ataiogopa ya pili na kuidharau ya kwanza. Namba bila hali yake haina maana.

Swali la tatu: Betri hii imepitia nini? Kila betri katika karakana yetu sasa ina kadi yake. Ndani yake huandikwa tarehe, volti za kila seli kabla na baada ya kuchaji, na jambo lolote lisilo la kawaida, kama vile ndege kuanguka au betri kusahauliwa juani. Bila kadi, tunachunguza mgonjwa asiyeweza kusema.

Swali la nne: Je, tofauti inarudi? Tukisawazisha mara moja kwa utaratibu kamili na seli zikabaki pamoja kwa majuma kadhaa, tatizo lilikuwa la mazoea yetu. Tofauti ikirudi, na hasa ikirudi kwa seli ile ile, tatizo ni la seli. Tunasema "kwa utaratibu kamili" kwa makusudi. Chaja ndogo nyingi husawazisha kwa mkondo mdogo tu. Ikiwa seli moja imewatangulia wenzake kwa miliampea-saa 300, na chaja inapunguza kwa miliampea 200, kazi hiyo yahitaji saa moja na nusu. Mwanafunzi anayeichomoa betri baada ya dakika ishirini hajasawazisha kitu.

5. Somo moja lililotufundisha sisi

Tutoe mfano wa somo lililofanyika chuoni kwetu baada ya kuanza utaratibu huu. Kikundi cha wanachuo wanne kilipewa betri yenye ujazo wa miliampea-saa 2,200. Chaja ilionyesha seli ya kwanza volti 3.84, ya pili 3.69, na ya tatu 3.99. Mmoja alisema papo hapo, "Mwalimu, seli ya pili imekufa." Wenzake wawili waliafiki, na mkono wa mmoja ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye kitufe cha kusawazisha. Tulinyamaza tukaonyesha karatasi ya maswali.

Walijumlisha wakapata 11.52. Walipima nyaya nene wakapata 11.52. Hapo yule wa nne, ambaye si mwepesi wa kusema, alinyosha kidole juu ya karatasi akauliza kwa nini kilichopungua katika seli ya pili ni sawasawa na kilichozidi katika seli ya tatu. Kweli, ya pili ilipungukiwa na 0.15 kuliko ya kwanza, na ya tatu iliizidi ya kwanza kwa 0.15. Walichukua mita wakapima kwenye pini zenyewe: 3.84, 3.84, 3.84. Seli zote zilikuwa nzima. Waya unaopita kati ya seli ya pili na ya tatu, ambao hutumika kuzipima zote mbili, pini yake ilikuwa imeshika kutu. Kosa la waya huo likainyang'anya seli moja na kuipa jirani yake, na jumla ikabaki ile ile. Pini iliposafishwa, chaja na mita vikakubaliana.

Sasa fikirini kama kitufe kingebonyezwa. Chaja ingeipunguza seli ya tatu, ikidhani imezidi, na kuiacha ya pili iendelee kupanda, ikidhani imechelewa. Kama kosa la kipimo lingebaki vile vile mpaka mwisho, chaja ingeonyesha 4.20 kwa kila seli, na kumbe ya pili ingekuwa na volti 4.35 na ya tatu 4.05. Jumla ingekuwa 12.6 kamili. Kila mtu angeridhika, na tungekuwa tumeutengeneza moto mwingine kwa mikono yetu.

Somo hilo lilichukua vipindi viwili, na hakuna kilichoruka. Tunathubutu kusema kwamba lilikuwa somo bora kuliko yote tuliyoyatoa mwaka ule.

6. Pingamizi za wenzetu

Tumewasikia wenzetu wakitoa pingamizi, na ni haki tuzijibu.

Wapo wanaosema kwamba utaratibu huu unakula muda na muhtasari wa masomo ni mrefu. Ni kweli unakula muda. Lakini ndani ya betri hii moja mna sehemu kubwa ya mada ya umeme. Tuliunganisha betri yenye mashaka na taa ya mbele ya gari, iliyovuta mkondo wa ampea 4.5. Seli mbili zilishuka kutoka volti 3.85 hadi 3.80, na ya tatu ikashuka hadi 3.58. Wanachuo waligawanya mshuko kwa mkondo, kwa kanuni ya Ohm, wakapata ukinzani wa omu 0.011 kwa zile nzima na omu 0.06 kwa ile dhaifu. Kisha waliulizwa: ndege ikivuta ampea 20, kila seli itazalisha joto kiasi gani? Walipata wati 4.4 kwa zile mbili na wati 24 kwa ile moja. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini seli dhaifu huvimba. Je, huo ni muda uliopotea?

Wapo wanaosema shule zao hazina betri hizi wala hazitazipata karibuni. Kwao tunasema: chukueni betri kavu tatu za tochi, mbili mpya na moja kuukuu. Pimeni jumla, kisha pimeni moja moja. Mkikuta 1.5, 1.5 na 0.9, mmekwisha pata somo la wastani unaoficha. Watoto wetu wengi wamewaona wazee wao wakianika betri za redio juani ili zipate uhai kidogo. Waulizeni kama jua limeponya ugonjwa au limeahirisha msiba. Fikra ni ile ile, na mtoto aliyeizoea kwa tochi ataijua siku atakapokutana na lithiamu. Tahadhari moja: asije akadhani kwamba kinachovumilika kwa betri ya tochi kinavumilika kwa lithiamu.

Wapo, mwisho, wanaosema kwamba kitu chenye hatari ya moto hakifai kuletwa mbele ya watoto kabisa. Pingamizi hili tunaliheshimu kuliko yote, kwa kuwa tumeuona moto wenyewe. Lakini betri hizi hazingoji ruhusa yetu. Zimo mifukoni mwa watoto na katika vibanda vya mafundi simu kila mtaa. Tukikataa kuzifundisha, tutakuwa tumewaachia watoto wafundishwe na bahati. La lazima ni masharti: kuchaji kufanyike juu ya sakafu ya saruji, mbali na karatasi na mapazia, betri isiachwe peke yake hata dakika moja, ndoo ya mchanga iwe karibu. Mchanga hauzimi moto huu kwa hakika, bali huuzuia usienee, na moshi wake una sumu; kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuwatoa watoto nje.

7. Ujasiri wa kusema imekwisha

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Katika nchi ambayo kifaa cha maabara hupatikana kwa shida, mkono wa mwalimu husita kutupa. Tumelelewa kutengeneza, na ni malezi mema. Fundi anayefufua redio iliyokufa husifiwa mtaa mzima. Ndiyo maana wanachuo walitusifu siku ile tulipoifufua seli mbele yao. Na sifa hizo ndizo zilizompeleka mwenzao kwenye ile meza.

Tumejiwekea mipaka, na tumeiandika ukutani kwa herufi kubwa. Seli iliyopumzika ikikutwa chini ya volti 3.0, haichajiwi. Betri iliyovimba haichajiwi wala haitobolewi. Seli ambayo ukinzani wake umezidi wenzake maradufu haitumiki katika ndege. Seli inayoachwa pamoja na wenzake kwenye volti 3.85 ikakutwa baada ya juma moja imeshuka hadi 3.71, ilhali wenzake hawajasogea, inavuja, na hakuna kusawazisha kutakakoiziba. Betri iliyokataliwa na ambayo haijavimba huunganishwa nje, juu ya mchanga, na taa ndogo mpaka iishe kabisa. Ncha zake hufunikwa, na hupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za umeme. Haitupwi shimoni wala haichomwi.

Na katika karatasi ya mwanachuo tumeongeza nafasi ya kuandika hukumu: itumike, iangaliwe, au iondolewe. Anayeandika "iondolewe" na kutoa sababu zenye vipimo hupata alama sawasawa na yule aliyeirudisha betri kazini. Mwanzoni wengi walidhani tunatania. Walikuwa wamezoea shule ambamo jibu sahihi ni lile linalokifanya kitu kifanye kazi. Ilichukua muhula mzima kabla mmoja wao hajatuletea betri mkononi na kusema bila kuona haya, "Mwalimu, hii nimeikataa."

Hitimisho

Tunapendekeza basi kwa walimu wenzetu wa sayansi na wa ufundi mambo matatu. Kwanza, hitilafu ifundishwe kwa maswali kabla ya tiba, na maswali yaandikwe. Pili, mwanafunzi azoeshwe kushuku kipimo chake mwenyewe kabla ya kukishuku kitu kinachopimwa. Tatu, kukataa kutengeneza, pale penye sababu, kuhesabiwe kuwa ni ufundi kamili.

Yule mwanachuo wetu amekwisha hitimu, na sasa anafundisha. Hatukumwadhibu kwa ajili ya ile meza, maana adhabu ingetustahili sisi kwanza. Alipokuja kutuaga tulimpa nakala ya maswali manne. Aliisoma, akaikunja, akauliza kama anaweza kuongeza swali la tano katika nakala yake. Tulimwambia aongeze. Aliandika: "Nikikosea hapa, ni nani aliye karibu?"

Tumeliongeza swali hilo katika nakala zetu zote, nalo sasa ndilo la kwanza.